Kinanda Hakipimwi kwa Futi Kamba

Kamati ya kwaya ikikaa kununua kinanda hapa Mwanza, swali la kwanza huwa ni ukubwa. La pili ni idadi ya sauti. La tatu, ambalo aghalabu huulizwa na mjumbe asiyegusa ala yoyote, ni kama kina midundo yake ndani. Kisha mhazini anataja fedha iliyopo, mzee mmoja anasema tusijiaibishe mbele ya kwaya ya jirani, na uamuzi unapita kabla mpiga kinanda mwenyewe hajaulizwa neno. Mara nyingi yeye ni kijana kuliko wote waliokaa pale, kwa hiyo anainamisha kichwa na kusema, "Sawa, wazee wangu."

Si sawa. Maswali hayo matatu ndiyo yanayojaza ofisi za makanisa na stoo za bendi vinanda virefu ambavyo havipigwi vya kutosha, na ndiyo yanayowafanya vijana wenye vidole vizuri wakutane na ala yao Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi tu. Nasema kinyume cha kinachoaminiwa: kwa mtu wa Mwanza anayepiga nyumbani na jukwaani, kinanda kidogo chenye vibao 49 au 61, chepesi, chenye matundu sahihi nyuma yake, ndicho kinanda cha kazi. Kikubwa ndicho kinachopaswa kujieleza.

Najua ninavyosikika. Anayepanda jukwaani Kirumba na kinanda chenye vibao 49 hutazamwa kama aliyekuja harusini na kandambili. Wauza ala nao hawasaidii. Kidogo wanakiweka rafu ya chini, karibu na filimbi za plastiki, na ukikiulizia wanakuuliza mtoto ana miaka mingapi.

Tuanze na jambo ambalo kamati hulisahau kwa sababu inakaa ukumbini, kwenye sakafu iliyonyooka. Mji huu umejengwa juu ya mawe. Ukiiacha lami kule Mabatini au Bugarika, njia ya kwenda kwa mtu ni ngazi na vichochoro kati ya majabali, na gari haliendi. Montage 8 ya Yamaha, yenye vibao 88, ina kilo 29 bila begi wala stendi. Hiyo inapita nusu ya mfuko wa saruji, na ukiidondosha haitengenezeki kwa fundi yeyote wa mtaani. MX49 ya kampuni hiyohiyo ina kilo 3.8. Kross 2 ya Korg yenye vibao 61 nayo ina kilo 3.8. Hivi unavivaa mgongoni, unapanda bodaboda, na ukisafiri kwenda Nansio unavipakata kwenye kivuko badala ya kumwomba baharia akutafutie nafasi kati ya magunia.

"Kinanda cha kwaya hakihami," wananijibu. Hakihami lini? Kuna mkesha, kuna tamasha, kuna msiba wa mama wa mwimbaji kule Magu, kuna harusi mbili siku moja, kuna ziara ya Sengerema. Kuna pia siku ya kurekodi video juu ya mawe ya ufukweni, ambapo kinanda kinabebwa na watu wanne kupandishwa kwenye jabali ili kionekane tu, bila hata waya, maana sauti ilisharekodiwa studio. Hapo nakubali kwamba kirefu kinapendeza zaidi kwenye picha.

Hoja yao kubwa zaidi ni kwamba kidogo ni kitu cha kuchezea, na hapa historia inawakataa kabisa. Mwaka 1981 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa kinanda kiitwacho MT-40, chenye vibao vidogo 37 na vingine 15 vya besi upande wa kushoto, kwa ajili ya watu wa kupiga sebuleni. Mdundo mmoja wa ndani yake ulitungwa na Okuda Hiroko, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kazini. Miaka michache baadaye kinanda hicho kilikuwa Kingston, Jamaika. Mwaka 1985 Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy waliuchukua mdundo ule, wakaupunguza kasi, na wakatoa "Under Me Sleng Teng". Rege ikageuka. Studio za Jamaika zilizokuwa zinaita wapiga besi na wapiga ngoma zikaanza kutengeneza muziki kwa mashine, na mpaka leo nyimbo zisizohesabika zimejengwa juu ya mdundo huohuo. Hakuna kinanda cha vibao 88 chenye wasifu wa namna hiyo.

Au tumtazame jirani yetu Hailu Mergia, Mwethiopia wa Walias Band, bendi iliyokuwa na jina kubwa Addis Ababa. Alibaki Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye akawa dereva wa teksi mjini Washington. Kwenye buti la gari aliweka kinanda kidogo cha betri. Akipanga foleni ya abiria uwanja wa ndege wa Dulles, anakitoa, anakaa kiti cha nyuma, anapiga mpaka foleni isogee. Mwaka 2013 kanda yake ya 1985 ilipotolewa upya na ulimwengu ukamtafuta, vidole vyake vilikuwa tayari, akarudi jukwaani. Angengoja kinanda kizito cha heshima angerudi na nini?

Na microKORG, yenye vibao vidogo 37 na betri sita za kawaida, imekuwa mikononi mwa wanamuziki wa kulipwa duniani tangu 2002. Hapa kwetu Tanzania, wale vijana wa studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam, waliofanya muziki wa singeli usikike Ulaya kupitia albamu ya Sounds of Sisso ya mwaka 2017, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hawakuwa na ukumbi wa vinanda. Walikuwa na kompyuta na masikio.

Sasa hesabu ya sauti. Katika duka lolote utaambiwa "kaka, hiki kina sauti mia sita," na muuzaji anasema kweli. PSR-E373 ya Yamaha, kwa mfano, ina sauti 622. Ni kinanda kizuri kwa anayeanza na sikikejeli. Lakini reface CP ya Yamaha hiyohiyo, iliyotoka 2015, ina kilo 1.9, vibao 37, na aina sita tu za sauti, zote za piano za umeme na jamaa zake. Sita! Na wapiga kinanda wa kulipwa waliinunua kwa bei ya juu kuliko vinanda vingi vya mia sita, kwa sababu kila moja kati ya hizo sita imechongwa hadi inaitikia nguvu ya kidole. Mpiga kinanda wa kwaya, ukimfuatilia ibada nzima, anatumia piano, ogani, nyuzi, pengine tarumbeta wakati wa sifa. Zile zilizobaki, mlio wa helikopta na mbwa akibweka, zinatumika siku ambayo watoto wa Shule ya Jumapili wamekipata kinanda kikiwa wazi.

Kama ni lazima kuhesabu kitu, hesabu noti ngapi zinaweza kulia kwa pamoja. PSR-E373 inaweza 48, MX49 inaweza 128. Tofauti hiyo utaisikia ukikanyaga pedali katika wimbo wa taratibu huku umeunganisha piano na nyuzi: noti za mwanzo zinaanza kukatika kimyakimya, na waimbaji wanadhani umekosea. Hakuna kamati inayouliza hilo. Halijaandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Nimefika kwenye midundo, na hapa sitakuwa mpole. Mdundo wa ndani ya kinanda umetuharibia masikio. Unabonyeza kitufe, ngoma, besi na gitaa vinaingia vyenyewe, na unachobaki nacho ni kushika kodi tatu kwa mkono wa kushoto. Matokeo yake kwaya ya Nyegezi na kwaya ya Igoma, zenye watunzi tofauti na waimbaji tofauti, zinasikika kama zimeajiri mpiga ngoma mmoja ambaye hachoki wala hasikilizi. Hii ni ajabu kwa watu wa huku. Kilomita chache kutoka mjini, Bujora, kila mwaka wakati wa sherehe ya Bulabo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana kwa ngoma na mbwembwe mpaka watu wanasahau njaa. Padri David Clement, Mkanada aliyeijenga Bujora, aliona miaka ya 1950 kwamba ngoma ya Kisukuma ina mahali ndani ya kanisa. Sisi wajukuu wa wapigaji wale tunalipa fedha za ziada ili mhandisi wa Yamaha kule Hamamatsu, Japani, atupigie.

Mtetezi wa midundo atanirukia: si umesema hivi punde Sleng Teng ilikuwa mdundo wa ndani? Ndiyo. Lakini Wajamaika waliuvunja. Waliupunguza kasi, wakaimba juu yake kwa lahaja yao, na walipomaliza ulikuwa wao. Mtu anayefanya hivyo na mdundo namba 74 wa kinanda cha kanisa lake, nitamvulia kofia. Wengi wetu tunauacha ulivyo, na kinanda kinapomaliza ubeti kwa mbwembwe zake za kiwandani, waimbaji wanalazimika kumalizia pumzi pale kilipoamua.

Nitoe msamaha kwa wachache. Anayepiga peke yake hotelini Capri Point usiku mzima, bila bendi, midundo ni mkate wake, na achague kinanda cha midundo bila kuomba radhi kwa yeyote. Vilevile anayepiga taarabu ana haja ya kinanda kinachoruhusu kushusha noti mojamoja kwa vipande vidogo kuliko nusu toni. Asipouliza dukani atalia nyumbani. Na mwanafunzi wa piano anayejiandaa kwa mitihani anahitaji vibao 88 vizito, hakuna mjadala. Hao ni watu wenye haja maalumu. Kwaya ya mtaani na bendi ya harusi si miongoni mwao.

"Vibao 49 havitoshi," wanasema. Havitoshi kupiga nini? Fungua kitabu chochote cha nyimbo chenye sauti nne. Besi ya kawaida inashuka mpaka Fa ya chini, mara chache Mi. Soprano inapanda mpaka La. Kuanzia Fa ile hadi La ile ni vibao 41. Kinanda cha vibao 49, kikianza kwenye Do ya chini kama vilivyo vingi, kinabeba sauti zote nne na kuacha nafasi pande zote mbili. Katika bendi hesabu ni rahisi zaidi, kwa sababu yupo mpiga besi, na mpiga kinanda anayeshuka chini kumfuata anamchafulia tu. Mkono wa kushoto wa wengi wetu jukwaani ungefaa uwe mfukoni.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba kila kidogo kinafaa. Vibao 37 kwa kwaya ya sauti nne ni kujidanganya: ukikishusha kwa kitufe upate besi, soprano inakosa juu, ukikipandisha, besi inabaki hewani. Na upana wa kibao ni jambo zito kuliko idadi yake. Kwenye kinanda cha kawaida oktava moja ina upana wa kama sentimita 16.5, na mkono uliozoea kipimo hicho ukiwekwa kwenye vibao vyembamba unaanza kugonga vya jirani. Kwa mtu wa sauti za ziada, anayepiga mstari mmoja wa tarumbeta au nyuzi juu ya bendi, vibao vyembamba havina taabu. Kwa mpiga tenzi havifai. Kwa hiyo kwa kwaya nasema 49 vya upana kamili, au 61 kama mizani inaruhusu, na hapo nasimama.

Jambo ambalo linaamua kama kinanda ni cha jukwaani au cha sebuleni halipo mbele, lipo nyuma. Kigeuze. Kama nyuma kuna tundu moja tu lililoandikwa kwamba ni la hedifoni na spika kwa pamoja, jua unanunua matatizo kama hujui kuyatatua. Tundu hilo linatoa kushoto na kulia kwenye waya mmoja. Fundi mitambo akiupokea kwa waya wa nguzo tatu na kuuchomeka kwenye tundu moja la mikisa, mikisa inatoa upande mmoja kutoka kwa mwingine, na kila kilichofanana pande zote mbili kinafutika. Piano inabaki nyembamba kama inapigwa chumba cha pili, besi haipo, na kinachosikika vizuri ni mwangwi. Hapo mpiga kinanda anaongeza sauti, fundi anaongeza sauti, mchungaji anageuka kutazama, na kesho yake kamati inasema kinanda ni kidogo, ndiyo maana hakisikiki. Hakikuwa kidogo. Kilihitaji waya unaogawanya kushoto na kulia kwenda matundu mawili ya mikisa, kitu ambacho fundi yeyote anayejua kuchomelea anakitengeneza kwa bei ya chakula cha mchana. Bora zaidi ni kinanda chenye matundu mawili tofauti, moja likiwa limeandikwa kwamba peke yake linatosha kutoa mono, na kisanduku cha kulinganisha mawimbi kabla ya ule waya mrefu wa kwenda kwa fundi. MX49 ina matundu hayo. Ndiyo maana naitaja mara kwa mara, ingawa ina dosari yake: haitumii betri.

Betri nazidai kwa sababu ninaishi hapa. Watasema umeme ukikatika hata spika zinazima, betri ya kinanda itasaidia nini? Itasaidia mambo mawili. Jenereta inapowashwa, kinanda kisicho na betri kinaanza upya kutoka mwanzo, kimesahau ulivyokipanga kwa ajili ya wimbo, wakati waimbaji wamesimama. Kinachopigwa kwa betri hakijui kwamba kulikuwa na giza. La pili ni nyumbani, ambako ndiko kazi inakofanyika: usiku hakuna umeme, hedifoni zipo masikioni, mtoto amelala, na unapiga. Juno-DS61 ya Roland, yenye vibao 61 vya upana kamili na kilo 5.3, inatumia betri nane za AA. Kross 2 inatumia sita.

Kwa wanaonunua mtumba wa Japani, kuna neno moja ambalo lingeokoa vinanda vingi. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Kinanda kikubwa cha huko mara nyingi kina mtambo wa umeme ndani yake. Ukikichomeka ukutani bila transfoma, unakiua siku ya kwanza. Kidogo kinachotumia adapta ya nje kinakusamehe: unaacha adapta ya Kijapani, unanunua ya volti zilizoandikwa karibu na tundu, ukiangalia chanya iko katikati au nje, kwa kuwa kampuni hazikubaliani kuhusu hilo.

Na wale wadudu wa ziwani, wanaotoka kama moshi na kuingia kila penye mwanga? Kinanda kirefu kinachobaki wazi ukumbini chini ya taa, kikifunikwa na kitambaa cha madhabahu, kinawapokea. Kidogo kinaingia kwenye begi na kufungwa zipu.

Hayo yote yana majibu, na wazee wakibanwa huyakubali. Pingamizi linalobaki mwisho, ambalo kwa kawaida halisemwi mpaka kijana atoke nje, ni hili: kinanda kidogo kitabebwa nyumbani, na kikibebwa nyumbani kitaibiwa, kitakodishwa kwa sherehe za mtaani, au kitauzwa. Kikubwa hakiondoki. Naam, tumefika kwenye kiini. Ukubwa unaosifiwa kwa ajili ya muziki kumbe unatakiwa kwa ajili ya ulinzi.

Basi tujadili ulinzi. Kinanda kinachofungiwa ofisini kinapigwa saa chache kwa wiki, na ufunguo ukiwa kwa mzee aliyesafiri hakipigwi kabisa. Mpiga kinanda anajifunza wimbo mpya mbele ya waimbaji arobaini wanaomngoja, kwa hiyo anakimbilia kitufe cha kuhamisha ufunguo wa wimbo na kupiga kila kitu kwenye Do, mwaka baada ya mwaka. Tunamlaumu hakui. Wakati huohuo sare za kwaya, suti na magauni ya watu arobaini, ambazo zikijumlishwa zinapita bei ya kinanda chochote nilichokitaja kwa kubebwa mgongoni, kila mwimbaji anaondoka nazo na kuzitundika kwake Kitangiri au Buzuruga, na sijasikia kikao kilichoitishwa kuzifungia stoo. Kama mwimba besi anaaminiwa na suti, mpiga kinanda naye aandikiwe daftari, asaini tarehe ya kuchukua na namba ya mashine, mdhamini wake asaini chini yake, na aende nacho nyumbani Jumapili hiyohiyo.